Mathe Alianza Yoga na Kilo 96: Vile Sironga Imenifunza Kuhusu Mwili, Presha na Serikali

Wacha nianze na kisanga ndio uelewe tunabonga kuhusu nini.

Ni Jumapili asubuhi, ocha kwetu Sironga, Kaunti ya Nyamira. Mathe ametandika blanketi ya zamani nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Amelala chali, mikono kando, macho amefunga, hasongi. Jirani anapita na jembe lake, anaona nyayo mbili zimetokeza kwa nyasi. Anaangusha jembe. Nduru aliyopiga iliskika mpaka stage. Kabla dakika tano ziishe, watu kama kumi walikuwa kwa boma, mmoja ashaanza kulia, nduthi ishaitwa ya kukimbiza mgonjwa hosi.

Mathe akafungua jicho moja akauliza, "Nani amekufa?"

Alikuwa anamalizia yoga. Huo mkao wa mwisho, ule wa kulala na kutulia, unaitwa mkao wa maiti. Jina lenyewe halikusaidia wakati wa kuelezea majirani.

Tulicheka hiyo story wiki mzima. Lakini nyuma ya kicheko kuna swali halijanitoka kichwani, na ndilo nataka tulichambue leo: mama wa miaka 49, mnono, magoti yanalia, mgongo umekataa, anaishi mahali hakuna gym wala hata njia ya kutembelea ikiwa salama, akiambiwa na daktari "punguza mwili", anapunguza aje? Na kwa nini hilo swali tumemwachia peke yake?

Ilianza na kosa langu

Mimi kazi yangu ni kuandika. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikaingia kwa hizi hustle za mtandao, na kila tarehe 21 Juni kuna habari lazima mtu aandike: Siku ya Kimataifa ya Yoga. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014 baada ya Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, kuipendekeza, na ikaanza kuadhimishwa 2015. Kila mwaka ni zile zile: watu wamejipanga kwa nyasi Nairobi, mikeka ya rangi, nguo za kubana, kila mtu amekunjika kama chapo ya kufunga mayai.

Nikaandika changu haraka haraka, picha nne, nikalala. Asubuhi mathe akapiga simu.

"Nimesoma ile kitu yako. Sasa hao watu wako hawana matumbo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea, "Nauliza hivi, kijana. Kama mtu ana tumbo, hiyo kitu anafanya ama hafanyi? Juu daktari ameniambia nifanye mazoezi, na mimi hata kufunga kamba ya kiatu siwezi."

Hapo nikanyamaza. Nilikuwa sijui hiyo ya kamba ya kiatu. Unajua vile mzazi hukuficha vitu? Ukienda nyumbani unamkuta ameketi, unamwacha ameketi, unadhani amechoka tu. Alikuwa anavaa slipas kila mahali kwa sababu hawezi kufikia miguu yake.

Na kuna kitu kingine kilinikata. Magokoro, mama yake mathe, alipigwa na kiharusi. Alikaa hosi wiki nyingi kabla atuache. Bili ile ndiyo ilikula karo yangu. Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo, huwa nawaambia nilichoka na masomo. Ukweli ni kwamba presha ya mtu mmoja iliua mtu mmoja na ikabadilisha maisha ya watu kadhaa. Sasa presha hiyo hiyo iko kwa mathe. Kwa hivyo hii yoga, kwetu si mambo ya luku na picha.

Namba hazidanganyi

Kama unadhani ni mathe wangu pekee, tulia. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022, ule wa KDHS, ulipata kwamba asilimia 45 ya wanawake Wakenya wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au ni wanene kupindukia. Wanaume ni asilimia 19. Yaani chukua wanawake wawili wowote kwa mat, karibu mmoja wao mwili umepita kipimo. Na kabla ya hapo, utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2015 ulionyesha karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha.

Hapa ndipo msee wa Nairobi huuliza: lakini watu wa ocha si wanalima? Si wanachuna chai kwa milima? Wananenepa aje?

Swali poa. Jibu ni kwamba ocha unayoifikiria imebadilika.

Kwanza, miguu tumeipumzisha. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, na nduthi zikajaa kila kona. Zimesaidia, hakuna ubishi, zimepeleka wagonjwa hosi na vijana wamepata kazi. Lakini ile safari ya kupanda mlima na mzigo wa ndizi kichwani, saa nzima, leo ni dakika tano umeketi nyuma ya boda. Mathe anasema alipokuwa msichana alikuwa anatembea sokoni na kurudi bila kufikiria. Sasa hata kwa posho mill anapelekwa.

Pili, mashamba yamekatwa vipande. Gusii ni moja ya sehemu zenye watu wengi zaidi kwa eneo nchini, na shamba la babu limegawanywa mpaka limekuwa kipande cha nyuma ya nyumba. Wengi wamehama kutoka jembe kwenda biashara. Mathe ana duka. Anarauka saa kumi na moja, anafungua, anaketi kwa kistuli, anafunga saa tatu usiku. Masaa kumi na sita. Anachoka sana, lakini ni uchovu wa kukaa.

Tatu, dishi. Wimbi na chinsaga bado ziko, lakini karibu nazo kuna mandazi ya asubuhi, chapo ya mafuta mengi, soda ya wageni na chai yenye sukari vijiko vitatu. Ukiwa na duka, hizo vitu ziko urefu wa mkono.

Halafu kuna umri. Kuanzia miaka ya thelathini hivi, misuli huanza kupungua mos mos kama huifanyishi kazi. Mwanamke akikaribia kukoma hedhi, mafuta huhamia tumboni. Kwa hivyo yule anayemcheka mama wa miaka 49 ati ni mvivu, ajue anacheka kitu ambacho kimepangwa na umri, kazi, barabara na bei ya chakula, sio mdomo wake pekee.

Na tusisahau sisi wenyewe. Mtu akirudi ocha akiwa amenenepa tunamwambia "umenawiri, Nairobi imekukubali". Akikonda tunanong'ona. Kitambi cha mwanaume tunakiita pesa. Kwa hivyo kwanza unasifiwa ukinenepa, halafu siku moja daktari anakuambia hizo sifa ndizo zitakuua.

Soko la wenye haraka

Mtu mwenye shida ni soko, na hapa soko limechangamka. Kuna chai za kupunguza tumbo zinauzwa kwa mitandao na kila mwenye wafuasi wengi. Kuna sindano za Ozempic, dawa halali kabisa iliyotengenezwa kwa wagonjwa wa sukari, ambayo mastaa waliifanya fasheni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu sindano feki za aina hiyo zilizonaswa nchi kadhaa. Halafu kuna upasuaji wa kunyonya mafuta. Oktoba 2024 Nairobi, mwanamke mmoja alifariki siku chache baada ya upasuaji kama huo, na nchi nzima ikabonga juu yake wiki mbili kisha ikasahau.

Simlaumu mtu anayetafuta njia ya mkato. Ukichekwa miaka kumi, utatafuta mkato. Lakini angalia bei: zote hizo ni za mtu mwenye ganji. Kwa mama wa duka Sironga, zilizobaki ni mbili. Akubali kukaa hivyo, ama ajaribu kitu bila pesa.

Yoga inafanya nini, na haifanyi nini

Hapa wacha niwe mkweli, kwa sababu mtandao umejaa uongo.

Yoga ya polepole si mashine ya kuchoma mafuta. Mtu wa kilo 90 akifanya nusu saa ya yoga ya kawaida, nguvu anayotumia haifikii hata ile iliyo ndani ya mandazi moja kubwa. Yeyote anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi kwa kukunja mwili tu, anakuuzia hewa. Kutembea haraka haraka kunachoma zaidi. Chakula ndicho kinaamua sehemu kubwa ya uzito.

Sasa kwa nini nilimshauri mathe aanze?

Sababu ya kwanza ni mgongo na maungo. Mwaka wa 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo kwamba maumivu ya mgongo ya muda mrefu yajaribiwe kwanza bila dawa, na yoga iko kwenye orodha hiyo. Mwaka huo huo utafiti mmoja uliofanywa Boston na watu 320, wengi wao wa kipato cha chini, ulipata kwamba darasa la yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 12 lilisaidia mgongo karibu sawa na kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hao hawakuwa wanamitindo. Ni watu wa kawaida wenye migongo mibovu.

Sababu ya pili ni kwamba mtu asiyeweza kuinama hawezi kuanza mazoezi mengine. Unamwambia mathe akimbie na magoti hayo? Uzito wa mwili hukandamiza goti zaidi ya vile mizani inaonyesha. Watafiti wamepima wakapata kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Hiyo ni habari njema ukipunguza, lakini ni habari mbaya kama bado hujaanza. Yoga inakuwa mlango. Unafungua nyonga, unapata balansi, unajua kupumua, halafu ndio unatembea.

Sababu ya tatu ni ndogo lakini ni kubwa. Mtu mnono huishi akijificha mwili wake. Dakika ishirini za kukaa nao bila kuutukana ni kitu hajafanya tangu awe msichana.

Na si lazima mwalimu awe mwembamba. Nilimtafutia mathe video za wanawake wanono wanaofundisha. Kuna Mmarekani mweusi anaitwa Jessamyn Stanley, mwenye mwili mkubwa na hajifichi, aliyeandika hata kitabu mwaka wa 2017. Mathe alimwangalia dakika mbili akasema, "Huyu ndio sasa." Hapa kwetu pia si jambo geni. Africa Yoga Project ilianza Nairobi mwaka wa 2007, ikafundisha vijana wa mitaa ya chini kuwa walimu. Shida ni moja tu: Nairobi ni mbali na Sironga, na darasa la kulipia huko mjini linaweza kumeza thao moja au zaidi kwa saa. Kwa mathe, hiyo ni faida ya siku ngapi za kuuza unga?

Vile alifanya

Hatukununua kitu. Mkeka ulikuwa ile blanketi. Badala ya yale matofali mepesi ya dukani ya kushikilia, alichukua tofali za kawaida za kuchoma akazifunga na leso, akawa anaegemeza mikono kwa sababu haifiki chini. Badala ya mkanda wa kuvuta mguu, leso ingine. Na kitu cha maana zaidi ilikuwa kiti.

Wiki mbili za kwanza hakushuka chini kabisa. Alikaa kwa kiti cha mbao, mgongo wima, akivuta pumzi na kuinua mikono, akigeuka kushoto na kulia, akinyoosha mguu mmoja mmoja. Halafu akasimama akashika ukuta. Wiki ya tatu ndio akajaribu ule wa kupiga magoti na mikono, unapandisha mgongo kama paka kisha unaushusha kama ng'ombe, mto ukiwa chini ya magoti. Siku hiyo alishuka sawa, kuinuka ikawa noma. Alikaa chini robo saa akicheka peke yake mpaka akapata ujanja wa kutumia kiti kujivuta.

Dakika kumi na tano kwa siku, kabla ya kufungua duka. Siku zingine alihepa. Siku zingine alilia, aliniambia baadaye.

Lakini kabla aanze tulifanya kitu kimoja ambacho nakusihi usikiruke: alirudi kwa kliniki akapimwa presha, akauliza. Mambo aliyoambiwa yanafaa kila mtu wa umri wake. Kama una presha, usikae na kichwa chini kuliko moyo kwa muda. Usizuie pumzi ukijikaza, pumua wazi. Kama unameza dawa za sukari, usifanye ukiwa njaa. Ukivutika kidogo ni sawa, lakini maumivu makali ya kuchoma kwenye goti, mgongo au kifua, acha hapo hapo. Na dawa za presha hazisimamishwi ati kwa sababu umeanza yoga. Hiyo ya mwisho andika kwa ukuta.

Kanisa, jirani na giza la alfajiri

Ungedhani shida kubwa ni mwili. Wapi! Shida kubwa ilikuwa watu.

Gusii ni nchi ya Wasabato na Wakatoliki tangu wamishonari wafike miaka ya 1910, na mathe ni Msabato wa damu. Baada ya kile kisanga cha maiti, mzee mmoja wa kanisa alikuja kumtembelea. Alikunywa chai kwanza, kwa heshima, halafu akasema yoga imetoka kwa dini ya Kihindu na inafungulia roho zingine mlango.

Hiyo hoja si ya kupuuza. Ni kweli yoga ilizaliwa India, na kwa wengi huko ni sehemu ya ibada. Mkristo ana haki ya kujiuliza. Lakini mathe naye alikuwa na jibu. "Mzee, mimi nikivuta pumzi nasoma Zaburi kichwani. Na si kanisa letu ndilo hutufundisha mazoezi, maji, jua na hewa safi ni dawa ya Mungu? Mimi sijabadilisha dini. Nimebadilisha vile ninavyoinama." Mzee akasema ataliombea hilo neno. Bado anaomba mpaka leo.

Kama jina linakusumbua, liite kunyoosha mwili. Na kama kinachokusumbua ni Uhindi wenyewe, kumbuka serikali yetu ilitangaza jamii ya Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 mwaka wa 2017. Chapo tumekula miaka mingi bila kuuliza imetoka dini gani.

Lakini kuna jambo lingine zito zaidi, na hapa sichezi. Mwanzoni mathe alikuwa anafanya nje, alfajiri, giza bado. Binamu yangu akampigia simu akamwambia aache. Kwa nini? Kwa sababu mwanamke wa umri wake, peke yake, gizani, akiinama na kuinuka nyuma ya nyumba, ni rahisi mtu aseme ni mchawi. Ukiwa Nairobi utacheka, utaleta jokes za wakimbiaji wa usiku wa Kisii. Kwetu hiyo si joke. Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Wanne. Kwa hivyo mama mzee huku anapochagua saa ya kufanya mazoezi, anafikiria pia vile ataonekana.

Mathe aliamua vizuri. Akahamisha mambo mchana, Jumapili saa tatu, mlango wazi, na akaalika wanawake watatu wa chama yao. Siku zingine anafanya ndani, meza imesukumwa kando. Jirani aliyepiga nduru ni mmoja wa hao watatu. Ukiwa peke yako unaogopewa, lakini mkiwa wanne ni chama.

Serikali iko wapi kwa hii story?

Sasa tuingie kwa siasa kidogo, kwa sababu mwili wa mathe ni jambo la bajeti.

Tangu 1 Oktoba 2024 tuko chini ya SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara analipa kulingana na vile kaya yake imepimwa, isipungue soo tatu kwa mwezi. Kelele zote tunazopiga ni kuhusu kulipa na kutibiwa: nani amekataliwa, hospitali gani inadai. Ni kelele za haki. Lakini zote zinaanza mtu akishaugua. Kiharusi kikishapiga. Figo zikishakufa. Hapo bili ni ya kuuza shamba.

Upande wa kuzuia, kuna kitu kizuri tayari kipo na hatukitumii vya kutosha. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba na mkoba wenye kipima presha na cha sukari. Wa kijiji chetu ni mama tunayemjua, anapita na mkoba wake. Alipoanza kupitia kwa mathe Jumapili, wale wanawake wanne wakawa wanapimwa presha hapo hapo baada ya mazoezi. Mmoja alipatikana na presha ya juu na hakuwa anajua kabisa. Akatumwa kliniki. Leo anameza dawa. Hebu fikiria, kama si ile blanketi, angejua lini?

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kusonga kwa kiasi kila wiki, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Basi niambie dakika 150 hizo mama wa Sironga azifanyie wapi. Kando ya lami anagawana nafasi na nduthi na malori. Uwanja ukijengwa, unajengewa mpira wa vijana. Hii ni nchi ya Nyandika Maiyoro na Naftali Temu, yule aliyeleta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya kutoka Mexico 1968, na tunajivunia mbio kila siku. Lakini tumefanya mwili kuwa kitu cha mabingwa. Wengine wote tunakaa tukishangilia.

Maoni yangu ni haya, na hayahitaji mabilioni. Kaunti zichukue wahudumu hao hao, ziwafundishe wiki moja mazoezi ya kiti na ukuta, na ziwalipe posho yao kwa wakati. Makanisa na shule zifungue kumbi zao saa mbili kwa wiki, viti viko tayari. Machama yapo kila kijiji, na huko wanawake tayari wanakutana, wanaaminiana, na wanatozana faini ya kuchelewa. Hakuna gym itakayomshinda mwanamke ambaye chama inamngoja. Iite yoga, iite kunyoosha, iite chochote.

Kuna watakaosema ni anasa, ati watu hawana chakula ndio unaleta mambo ya mikeka. Nawaelewa. Lakini kiharusi ndicho anasa hatuwezi kulipia. Nimelipia kimoja tayari.

Miezi mitano baadaye

Mathe sasa ana kilo 91. Amepunguza tano. Ukimuona kwa barabara hutajua, bado ni mama mnono wa duka. Kwa wenye haraka hiyo ni kuanguka. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 kuhusu kuzuia kisukari uliwalenga watu wapunguze asilimia 7 tu ya uzito na wasonge dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kupata sukari ikashuka kwa asilimia 58. Kwa mathe, asilimia 7 ni kilo karibu saba. Yuko njiani. Kilo nyingi zilitoka kwa kupunguza mandazi na sukari ya chai, yeye mwenyewe anakubali. Yoga ilimpa sababu ya kujijali, na magoti ya kutembea nayo mpaka sokoni mara tatu kwa wiki.

Presha imeshuka kidogo. Dawa bado anameza.

Bado hafikii vidole vya miguu akiwa amesimama. Labda hatawahi. Niliporudi ocha mwezi uliopita nilimkuta ameketi kwa kiti cha mbao, mguu mmoja juu ya tofali yake ya leso, anafunga kamba ya kiatu. Raba nyeusi, za mtumba. Alichukua muda. Nilitaka kumsaidia, akanipiga mkono.

"Wacha," akasema. "Hii ni yangu."

Kama una mzazi ocha, mpigie leo. Usimwambie apunguze mwili, hiyo ashaambiwa na kila mtu. Muulize kama anaweza kufunga kamba ya kiatu chake.